Kisima cha nyumbani majira ya kuchipua: kipimo kipi, chujio lipi?

Mwaka wa kwanza wa kuwa na kisima changu mwenyewe nilitanguliza kifaa, kipimo kikafuata nyuma. Nilinunua kile kijikalamu cha umeme kinachochovywa kwenye glasi na kuandika namba, nacho kikaandika 140. Nikafurahi, nikawaonyesha hata wageni. Theluji ilipoyeyuka nikapeleka chupa maabara, tena kwa kubembelezwa na jirani, na majibu yakarudi: koliformu (kundi la bakteria wanaoashiria uchafu) zipo. Kalamu haikunidanganya. Yenyewe hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, na kwa hapo hukisia wingi wa chumvi na madini yaliyoyeyuka. Habari za bakteria haina. Mimi ndiye niliyeigeuza mganga.

Ndiyo maana hapa vipimo vinatangulia, machujio yanafuata. Anayeanza na chujio huishia kununua mawili: lile alilodhani analihitaji, na lile analolihitaji kweli.

Kwa nini majira haya hasa

Theluji inapoyeyuka, au mvua za kwanza zinaposhuka juu ya ardhi iliyoganda au iliyokwisha kushiba, maji hayapati muda wa kuchujwa na udongo. Hupita juu kwa juu yakibeba samadi, mbolea na yanayovuja kutoka mashimo ya choo, yakitafuta upenyo: mfuniko uliopasuka, saruji iliyochanika, tundu la panya pembeni ya bomba la kisima. Wakati huohuo usawa wa maji ya ardhini hupanda na kuukaribia uchafu uliokuwa mbali nao.

Mfano ambao wataalamu wa maji hawachoki kuutaja ni wa mji mdogo wa Walkerton, jimbo la Ontario, Kanada, Mei 2000. Mvua kubwa ilisomba bakteria kutoka kwenye samadi ya shamba jirani hadi kwenye kisima kifupi kilicholisha mji. Klorini iliyokuwa ikiwekwa haikutosha na haikuwa ikipimwa ipasavyo. Watu 7 walifariki, zaidi ya 2,300 wakaugua. Hicho kilikuwa kisima cha mji, chenye wahudumu wanaolipwa. Kisima cha nyumbani mhudumu wake ni wewe.

Kwa hiyo ukitaka kujua ukweli wa kisima chako, kipime siku zake mbaya, mara tu baada ya theluji kuyeyuka au mvua kubwa kunyesha. Kipimo cha kiangazi, ardhi ikiwa kavu, huleta majibu mazuri ambayo hayaelezi mwaka mzima.

Kabla ya chupa yoyote, nenda ukakiangalie kisima chenyewe. Bomba linapaswa kutokeza juu ya ardhi, sentimita 30 au zaidi. Mfuniko ubane bila nafasi ya kupitisha hata mdudu. Saruji iliyokizunguka iinamie nje ili maji yakimbie, yasituame. Choo na zizi viwe mbali, mita 30 ni kipimo kinachotajwa sana, tena visiwe upande wa juu wa mteremko. Hapa nina msimamo: fedha ya kwanza iende kwenye mdomo wa kisima. Mfuniko mpya na saruji kidogo humaliza matatizo ambayo mashine ya bei mbaya ingeyafukuza kila siku bila kuyamaliza. Ila usishuke kisimani kutazama. Hewa ya chini inaweza kukosa oksijeni, na wengi wamefia humo, pamoja na waliowafuata kuwaokoa.

Vipimo: cha mkononi au cha maabara

Macho na pua tusivibeze, lakini tujue mipaka yake. Vinaona tope, kutu na harufu ya yai viza. Havioni nitrati (chumvi ya mbolea na samadi), aseniki (sumu itokayo ardhini), madini ya risasi wala E. coli (bakteria wa kinyesi). Bangladesh ilijifunza hilo kwa gharama kubwa: visima vya bomba vilichimbwa kwa wingi ili watu waachane na maji ya madimbwi yenye vijidudu, na katika miaka ya 1990 ikabainika kwamba mengi ya maji hayo yaliyong'aa yalikuwa na aseniki.

Vijikaratasi vya kuchovya ni rahisi na hujibu ndani ya dakika moja. Kwa nitrati, asidi ya maji, ugumu wa maji na klorini vinafaa kama mlinzi wa getini: vinakuambia nani wa kusimamishwa, hukumu inatoka kwingine. Udhaifu wake ni wa kibinadamu zaidi. Vidole vyenye unyevu kwenye kopo, tarehe iliyopita, rangi inayosomwa kwa kuchelewa chini ya taa ya njano, basi jibu limeharibika. Karatasi ikionyesha nitrati inakaribia kikomo, usibishane nayo, peleka maabara.

Chupa ya salfaidi ndiyo kipimo cha vijidudu unachoweza kufanyia nyumbani. Unatia maji, unaiweka mahali penye joto kwa siku moja au mbili, na yakigeuka meusi, kuna uwezekano mkubwa wa uchafu wa kinyesi. Ni rahisi, haihitaji darubini. Lakini maji yenye salfa ya asili huigeuza nyeusi hata yakiwa hayana kinyesi, na chupa isiyobadilika rangi si cheti cha usalama. Mimi naiona inafaa kwa ufuatiliaji wa katikati ya mwaka, kisima kikiwa tayari kina historia ya maabara.

Maabara ndiyo inayotoa namba ya kutegemea. Kwa bakteria kuna njia ambayo maji huchanganywa na dawa na kuwekwa kwenye joto la nyuzi 35 kwa saa 24: yakiwa ya njano kuna koliformu, na yakimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno (UV) yakang'aa kibuluu, kuna E. coli. Tofauti hiyo ina uzito. Koliformu peke yake mara nyingi humaanisha maji ya juu ya ardhi yamepata njia ya kuingia. E. coli humaanisha kinyesi, na cha karibuni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba E. coli isionekane kabisa katika mililita 100 za maji ya kunywa.

Kila mwaka lipia bakteria na nitrati, na ukiweza uongeze kipimo cha asidi ya maji. Aseniki, floridi na risasi vipimwe angalau mara moja unapokuwa mgeni wa kisima, kisha kila baada ya miaka kadhaa. Kifurushi kikubwa chenye orodha ya kemikali mia huvutia, ila kama hakuna kiwanda, dampo wala kituo cha mafuta karibu nawe, fedha hiyo ina kazi nyingine.

Na maabara bora kuliko zote haiwezi kuokoa sampuli iliyochukuliwa ovyo. Tumia chupa waliyokupa wao, usiisuuze hata kama kuna unga au tone ndani, kwa kuwa hiyo ni dawa ya kuua klorini iliyobaki. Chota kabla ya chujio lolote, kwenye bomba lisilo na kichujio cha mdomoni, ulisafishe kwa dawa au moto, uyaache maji yatiririke dakika kadhaa, kisha ujaze bila kugusa ndani ya kifuniko. Weka kwenye baridi, ifike maabara ndani ya saa 24. Sampuli ya risasi ni kinyume chake: huchotwa asubuhi bila kumwaga, maji yakiwa yamelala bombani saa 6 au zaidi, maana risasi hutoka kwenye mabomba na viungo vya nyumba kuliko kisimani.

Jambo moja huwaponyoka wengi: pima kabla ya kumwaga klorini kisimani. Ukipima kesho yake, umeipima klorini yako.

Mafungu mawili yasiyochanganyika

Majibu yakirudi, yagawe: upande huu vyenye uhai, upande ule vilivyoyeyuka. Dawa ya fungu moja haigusi la pili, na mara nyingine hulizidisha. Tuchukue maji yenye nitrati miligramu 40 kwa lita, chini ya kikomo cha 50 cha Shirika la Afya Duniani. Chemsha lita moja hadi robo iishe kwa mvuke. Nitrati haikuruka na mvuke. Sasa iko kwenye robo tatu za lita, yaani miligramu 53 kwa lita. Mama aliyechemsha kwa muda mrefu kwa ajili ya mtoto wake kavuka kikomo kwa uangalifu wake mwenyewe.

(Angalia pia namna maabara inavyoandika. Marekani hutumia kikomo cha 10, lakini ni miligramu 10 za naitrojeni iliyo ndani ya nitrati, ambazo ni sawa na takriban 44 za nitrati nzima. Watu wamewahi kuogopa bure, na wengine kutulia bure, kwa kutosoma neno moja hilo.)

| Kilichopatikana | Kuchemsha | Klorini | Taa ya urujuanimno | Osmosisi ya kinyume (utando mwembamba) | Mkaa amilifu |
|---|---|---|---|---|---|
| Bakteria | Hufa | Hufa | Hushindwa kuzaliana | Usiitegemee | Hapana |
| Cryptosporidium (kimelea cha kuharisha) | Hufa | Huhimili klorini | Hushindwa kuzaliana | Usiitegemee | Hapana |
| Nitrati | Huzidi | Hapana | Hapana | Hupungua sana | Hapana |
| Aseniki | Huzidi | Hubadilika umbo tu | Hapana | Hupungua | Usiutegemee |
| Floridi | Huzidi | Hapana | Hapana | Hupungua sana | Hapana |
| Harufu ya klorini | Hupungua | Huongezeka | Hapana | Hupungua | Hupungua sana |

Safu ya mwisho ndiyo inayouzwa zaidi madukani, ndani ya jagi zuri la kukaa mezani. Tazama tena ni mistari mingapi imeandikwa "Hapana". Mkaa ni mzuri kwa ladha, harufu na baadhi ya viuatilifu. Kwa maji ya mji yaliyokwisha kutiwa klorini, sawa. Kwenye kisima chenye bakteria, mkaa usiobadilishwa kwa wakati hugeuka kitalu cha bakteria haohao.

Tatizo likiwa vijidudu

Kuchemsha kunashinda kwa uhakika na kunashindwa kwa uchovu. Maji yakitokota kwa nguvu dakika 1 yanatosha, dakika 3 ukiwa juu ya mita 2,000 kwa kuwa huko maji huchemka kwa joto la chini. Hakuna kijidudu cha kuugulia kinachobaki. Lakini ni kuni, gesi au umeme kila siku, na nani anachemsha maji ya kupigia mswaki? Nakushauri ukuchukulie kuchemsha kama daraja: unavukia, hujengi juu yake.

Klorini ina sura mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kukisafisha kisima mara moja kwa dozi kubwa. Ya pili ni dozi ndogo ya kila siku kwa pampu maalumu.

Dozi kubwa inahitaji hesabu, usimwage kwa kukisia. Chukua kisima cha duara chenye upana wa mita 1 na maji ya kina cha mita 3. Nusu ya upana ni 0.5, zidisha 3.14 kwa 0.5 kwa 0.5 kwa 3, unapata takriban mita za ujazo 2.36, yaani lita 2,360. Ukilenga miligramu 100 za klorini kwa lita, unahitaji gramu 236. Dawa ya maji ya kufulia yenye klorini asilimia 5 ina kama gramu 50 kwa lita, hivyo ni lita 4.7. Iwe isiyo na manukato, mahali pawe na hewa, na usiichanganye kamwe na asidi wala dawa yenye amonia. Ukishamwaga, fungua kila bomba la nyumba, la moto na la baridi, hadi harufu ya klorini itokee, kisha funga na uache saa 12 hadi 24. Mtu asinywe. Halafu yamwage nje mbali na bustani na mbali na tangi la maji taka, maana bakteria wa tangini ndio wanaolifanyia kazi.

Wiki moja au mbili baadaye, klorini ikiwa imeisha, pima upya. Kisima kikirudi safi, pengine uchafu uliingia mara moja tu, tuseme wakati fundi alipofungua pampu. Koliformu zikirudi, dozi ya pili na ya tatu ni kupoteza muda; kuna njia ya kuingilia ambayo haijazibwa. Ndipo unapochagua kati ya pampu ya klorini na taa.

Taa ya urujuanimno nimeipenda kwa sababu haiachi ladha na inamdhibiti Cryptosporidium, ambaye klorini ya kawaida haimwezi. Inapiga mwanga wa nanomita 254 unaoharibu vinasaba vya kijidudu kisizaliane. Kwa maji yanayoweza kuwa na vimelea, tafuta yenye dozi ya milijouli 40 kwa sentimita mraba. Lakini ni kifaa cha maji masafi: tope huweka kivuli ambamo bakteria hupita salama, chuma kikizidi miligramu 0.3 kwa lita huipaka kutu kioo chake, na maji magumu huivika gamba. Basi mbele yake lazima liwe chujio la tope. Balbu hubadilishwa kila mwaka hata kama bado inawaka, kwa sababu nguvu ya mionzi hupungua kabla ya mwanga unaouona. Umeme ukikatika, maji yanayopita hayajatibiwa.

Pampu ya klorini inaishinda taa kwenye jambo moja kubwa: klorini hubaki ndani ya maji na kuyalinda hadi kwenye tangi na bomba la mwisho. Kama una tangi juu ya dari au bomba refu kuukuu, hilo linaweza kuamua. Lengo ni ibaki miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita baada ya dakika 30 za kukaa na maji. Inataka mtu wa kujaza dawa na kupima kila mara. Mtu msahaulifu asiichukue. Achukue taa yenye kengele ya kuonya.

Kwa wasio na umeme wa kuaminika, kuna chupa angavu za plastiki za hadi lita 2 zinazoanikwa juani saa 6, au siku 2 kukiwa na mawingu, mradi maji hayana tope. Kuna pia chujio la udongo wa kuchomwa lenye fedha, linalozuia bakteria vizuri ila si virusi. Vyote viwili vinatosha maji ya kunywa ya watu wachache, si nyumba nzima.

Tatizo likiwa kemikali

Hapa habari njema ni kwamba huhitaji kutibu kila tone. Nitrati, aseniki na floridi huleta madhara kwa kunywewa. Kuoga kwa maji yenye viwango vya kawaida vya kisimani si njia kubwa ya kuingia mwilini. Kifaa kimoja chini ya sinki la jikoni kinatosha, na anayekuuzia cha nyumba nzima kwa ajili ya nitrati muulize sababu.

Osmosisi ya kinyume ndiyo jibu la kawaida. Husukuma maji kupita kwenye utando mwembamba mno, madini yakabaki nyuma. Gharama yake nyingine ni maji yanayomwagwa kila yanapotengenezwa masafi, jambo la kufikiria kama kisima chako hukauka. Klorini huharibu utando wa aina iliyoenea, ndiyo maana hutanguliwa na mkaa. Hapo ndipo mahali pa heshima pa mkaa. Aseniki ina maumbo mawili, na lile linalopatikana zaidi kwenye maji ya chini yasiyo na oksijeni hupenya utando kwa urahisi zaidi. Kuyatia maji klorini kwanza hulibadilisha umbo likanaswa. Kwa hiyo mwombe fundi akueleze mpangilio: klorini, mkaa, kisha utando.

Njia mbadala ya kuondoa nitrati ni tangi la punje za kubadilishana ayoni, yaani punje zinazonasa nitrati na kuachia chembe za chumvi badala yake. Hutoa maji mengi bila kumwaga mengi, lakini punje zikishiba bila kuoshwa kwa chumvi, za aina ya kawaida zinaweza kuachia nitrati zote kwa mkupuo, maji yakatoka mabaya kuliko yaliyoingia. Kwenye nyumba yenye mtoto mchanga nisingeiweka.

Kutu na harufu ya yai viza nitavipitia haraka, kwa sababu huudhi zaidi ya vinavyodhuru. Harufu ikitoka kwenye bomba la maji ya moto tu, mshukiwa ni hita, si kisima. Kutu hutolewa kwa kuyapitisha maji hewani kisha kwenye mchanga. Kama unakusudia kuweka taa, hilo lianze.

Wakati unasubiri majibu

Siku zile mbili tatu kabla maabara haijapiga simu ndizo zenye makosa mengi. Kama kisima kilifunikwa na mafuriko, usiyanywe kabisa hadi kisafishwe na kupimwa. Maji ya mafuriko hubeba mafuta na viuatilifu ambavyo moto hauondoi. Kama ni mvua tu na maji yamebadilika rangi, yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa safi, kisha yachemshe.

Mtoto wa chini ya miezi 6 anayenyweshwa maziwa ya unga ana utaratibu wake. Nitrati ikizidi, damu yake inaweza kushindwa kubeba oksijeni, midomo na kucha zikageuka rangi ya samawati. Kwake yeye, hadi namba ya nitrati ijulikane, maziwa yakorogwe kwa maji yaliyopimwa kutoka kwingine, au ya chupa.